Mto Una Harimu Yake

  



Katika Suratur-Raad, aya ya 17, Mola wetu anapiga mfano wa haki na batili kwa mvua. Anatueleza kuwa maji huteremka kutoka mbinguni, mabonde yakatiririka kila moja kwa kadiri yake, na mkondo ukabeba povu juu. Tunapoisoma aya hii darasani, mara nyingi tunakimbilia povu, kwa sababu ndilo lenye mfano wa batili. Mimi leo naomba tusimame kabla ya povu, kwenye lile neno la kadiri. Bonde lina kipimo chake. Mola ndiye aliyelipimia, likachongwa kwa mvua za miaka isiyohesabika mpaka likawa na upana unaotosha maji yake.

Iongezeni hapo Suratul-Muuminun, aya ya 18. Humo tunafundishwa kuwa mvua huteremshwa kwa kipimo, kisha hutulizwa ndani ya ardhi. Kwa hiyo maji yamepewa njia mbili: mengine yapite bondeni, mengine yazame ardhini yatulie. Mji wetu wa Bujumbura umeziharibu njia zote mbili, na ndiyo maana kila masika tunazika watu.

Tazameni ulivyokaa mji huu. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Ukigeuka upande wa mashariki, milima ya Mirwa inapanda hadi kupita mita 2,000, na mwendo wenyewe haufiki kilomita 40. Mvua ikinyesha huko juu, haina safari ndefu. Inashuka kwa kasi kupitia Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Nyabagere, Gatunguranwa na vijito vingine, inakata mji katikati, na kuingia ziwani. Zamani miteremko ile ilikuwa na miti na majani, na udongo ulikuwa unakunywa. Leo sehemu kubwa imelimwa kuanzia juu hadi chini, matuta mengine yakifuata mteremko, na maji yanashuka yakiwa yamebeba shamba la mtu. Yakifika mjini yanakutana na mabati na saruji, na huko hayapati pa kuzama hata kidogo.

Wengi wetu tulikuwa wadogo usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, lakini watu wa Kamenge na Kinama hawajausahau. Maji yalishuka usiku, Gatunguranwa ikatoka kwenye njia yake, nyumba za matofali mabichi zikayeyuka watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 60, na wengi wao walikuwa watoto. Aprili 2020 ikaja zamu ya Gatumba, Rusizi ilipofurika na maelfu ya watu kwenda kukaa kwenye mahema. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, likaingia majumbani.

Sisi watu wa Buyenzi tunaijua zaidi Ntahangwa, na Ntahangwa ina tabia yake. Haingoji kujaa ili idhuru. Inakula kingo. Maji yanachimba mguu wa ukingo chini, juu ardhi inabaki inaning'inia, kisha siku moja hata bila mvua kubwa kipande kinaporomoka na jiko la mtu ndani yake. Nendeni Nyakabiga, nendeni Mugoboka, mtaona kuta zilizokatika katikati kama mkate, rangi ya chumba bado iko upande uliobaki.

Baada ya kila msiba wa namna hii tunasema neno moja: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Neno hili ni la kweli, na asiyeamini kadari hana imani. Lakini tunalitumia mahali pasipo pake. Mwenye kufiwa akilisema, linamliwaza. Mwenye kuchimba mchanga chini ya ukuta wa jirani akilisema, anajificha.

Sayidna Umar (r.a.) alituonyesha namna ya kuliweka mahali pake. Katika mwaka wa 17 Hijria, mafuriko makubwa yaliingia Makka, yakapita ndani ya Msikiti Mtukufu na kuiondoa Makamu Ibrahim mahali pake. Wanahistoria wanayaita mafuriko ya Ummu Nahshal, kwa jina la mwanamke aliyechukuliwa na maji. Habari ilipomfikia Umar huko Madina alifunga safari akaja mwenyewe, akauliza mpaka akapata uhakika wa mahali hasa palipokuwa Makamu, akairudisha. Kisha hakuondoka hivi hivi. Aliamuru ujengwe ukuta wa kuzuia maji upande wa juu wa mji, ili mkondo usiingie tena Msikitini. Huyu ndiye Umar yule yule aliyerudi njiani karibu na Sham aliposikia kuna tauni, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, akajibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Hakuna aliyemtuhumu upungufu wa imani kwa kujenga ukuta.

Kuna jambo la pili tunalolisema makaburini. Tunasema aliyekufa maji ni shahidi, na aliyeangukiwa na nyumba ni shahidi. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na ni faraja kubwa kwa mama aliyempoteza mwanawe. Lakini shahada ya marehemu haimuondolei dhamana aliyesababisha. Wanafunzi wa fikihi wenzangu mnaijua mas'ala ya anayechimba kisima katika njia ya watu pasipo haki, kisha mtu akatumbukia: mchimbaji anadhamini. Bomba la paa lililochomoza barabarani likimwangukia mpita njia, mwenye nyumba anadhamini kwa madhehebu yetu ya Shafi. Sasa niambieni, anayechimba kokoto mguuni mwa ukingo wa Ntahangwa mpaka nyumba ya juu ikashuka, ana tofauti gani na yule wa kisima?

Hapa ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Muhula uliopita tulikuwa tunasoma mlango wa ihyaul-mawat, yaani kuihuisha ardhi isiyo na mwenyewe. Ni mlango ambao wengi wetu huusoma tukisinzia, kwa kuwa tunaona hauhusu maisha ya mjini. Ndani yake kuna neno harimu. Harimu ya kitu ni eneo linalokizunguka ambalo kitu hicho hakiwezi kutimiza kazi yake bila hilo. Kisima kina harimu: mahali pa kusimama mtekaji, mahali pa kunyweshea mnyama. Nyumba ina harimu: mahali pa kutupia takataka, njia ya kufikia mlango. Na mto una harimu. Mafakihi wetu wa Shafi wanaieleza kuwa ni sehemu ya kingoni inayohitajiwa ili watu waufikie mto, na ili utupwe udongo unaotolewa mto unapochimbwa na kusafishwa.

Harimu ya mto haimilikiwi na mtu. Haihuishwi hata ikikaa wazi miaka 100. Ni ya Waislamu wote na wasiokuwa Waislamu wanaoishi nao. Na wanazuoni wakasema, tena bila kuzungukazunguka, kuwa ni haramu kujenga humo hata kama kinachojengwa ni msikiti, na kikijengwa kinabomolewa. Nilipofika hapo nilirudia kusoma mara tatu. Msikiti! Jengo ambalo ukiligusa mtaa mzima utasimama, fikihi inalitoa njiani kwa ajili ya mto.

Wala msidhani hawa walikuwa wanaandika jangwani wasikoujua mto. Walikuwa Misri, kwenye Mto Nile. Sheikh al-Khatib ash-Shirbini, mwenye Mughni al-Muhtaj, sherehe ya Minhaj ya Imam an-Nawawi, alifariki mwaka wa 977 Hijria, na yeye na wenzake wa zama zile wanalalamika kuwa balaa la kujenga kingoni mwa Nile limeenea, na kwamba ni wajibu wa mwenye mamlaka kulizuia. Karibu miaka 500 imepita. Ungedhani walikuwa wanatembea kando ya Muha au Kanyosha.

Kwa nini udongo wa kusafishia mto ukawa sababu ya hukumu? Kwa sababu waliujua mto. Mto unaoshuka kutoka milimani lazima ulete mchanga na matope, na kila mwaka lazima uzolewe, la sivyo kitanda chake kinapanda, kingo zinakuwa fupi, na maji yanatoka. Sasa nendeni mkaone: tumejenga mpaka ukutani mwa maji. Hata mashine ya kuzoa ikiletwa haina pa kusimama, na udongo ukitolewa hauna pa kuwekwa. Tunaurundika kingoni, mvua ya kwanza inaurudisha mtoni. Sheria ya nchi nayo haikukosa kuliona hili, kwa maana kando ya Ziwa Tanganyika imeweka mita 150 zisizojengwa. Ziwa lilipopanda, tuliona kilichokuwa ndani ya mita zile.

Itakuwa dhulma nikiishia hapa, kwa sababu ni rahisi mno kusimama na kumhubiria maskini aliyejenga ukingoni. Yule mama wa Nyakabiga hakuchagua korongo kwa kulipenda. Alinunua kiwanja kwa pesa zake, mbele ya mashahidi, na mara nyingi kwa karatasi iliyopigwa muhuri. Wakati huo mto ulikuwa mbali na ukuta wake. Aliyemuuzia alijua, aliyeandika karatasi alijua. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi saba. Naona, na wanazuoni wanisahihishe, kuwa wa kwanza kuingia katika onyo hili kwenye ardhi ya harimu ni muuzaji, kabla ya mnunuzi aliyedanganywa. Harimu haina mwenyewe, sasa aliuza kitu cha nani?

Mchimba mchanga pia nimezungumza naye. Ni kijana kama sisi, ana watoto, anapata chakula cha siku kwa koleo. Ukimwambia acha, atakuuliza atakula nini, na swali lake ni la haki. Lakini si kila mahali mtoni ni sawa. Kuna sehemu mto unapolala, mchanga unarundikana, na kuutoa hapo ni kuusaidia mto upumue. Na kuna sehemu ya mpindo, upande wa nje, ambako maji yanagonga ukingo, na chini ya daraja, na chini ya zile nyavu za chuma zilizojazwa mawe, gabioni. Ukitoa mawe hapo unaondoa mguu wa ukuta. Gabioni zimewekwa kwa gharama kubwa katika mito yetu, na nyingine zimeanguka kifudifudi si kwa sababu ya nyavu kuwa mbovu bali kwa sababu kitanda cha mto chini yake kilizidi kushuka. Kumwonyesha kijana yule wapi achimbe na wapi asiguse ni kazi ya wakuu wa kartie, na ni kazi yetu tuliosoma. Kumfukuza tu hakutoshi, kwa sababu atarudi usiku.

Nao walio juu? Hadithi ya jahazi tunaijua sote, aliyoipokea Nuuman bin Bashir (r.a.) na kuitoa Bukhari: watu walipiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata ghorofa ya juu na wengine ya chini, wa chini wakataka kutoboa mahali pao ili wasiwasumbue wa juu kwa kuteka maji. Wakiachwa wanaangamia wote. Kwetu Bujumbura jahazi limegeuka: wanaotoboa wako juu na wanaozama wako chini. Anayekata mti Isare hamjui anayelala Buyenzi. Anayejenga jumba kwenye vilima na kuusakafu uwanja wote kwa saruji, akaelekeza bomba lake barabarani, hajui maji yake yanaishia chumbani mwa nani.

Madina ilikuwa na mabonde mawili, Mahzur na Mudhaynib, yaliyoshusha maji ya mvua mashambani, na Imam Malik ametupokelea katika Muwatta hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu yake: wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachilie wa chini. Hukumu hii ilikuja kwa ajili ya kugawana maji adimu, najua. Lakini tazameni ilivyomwambia wa juu mambo mawili kwa pamoja. Asizuie yote, na asiyaachilie yote yapite. Ayashike kwanza, kimo cha kifundo cha mguu, shamba lake linywe, ndipo yateremke. Mkulima wa Mirwa leo hashiki kitu. Yote anayaachilia kwa saa moja, pamoja na udongo wake. Huu ni ufahamu wangu wa mwanafunzi, siutoi kama fatwa, lakini naona hukumu ya vifundo vya miguu ina kitu cha kutuambia.

Na jinsi ya kuyashika inajulikana, wala haihitaji mhandisi kutoka nje. Mitaro huchimbwa kukata mteremko, si kuufuata, ikiwa sawa kabisa kama maji ya beseni. Kupata usawa huo wakulima hutumia miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na jiwe lililoning'inizwa kwa kamba katikati: jiwe likitulia kwenye alama, miguu miwili iko kimo kimoja. Udongo wa mtaro unawekwa upande wa chini au wa juu kulingana na mahali, na juu yake yanapandwa mabingobingo, ambayo mizizi yake inashika na majani yake ng'ombe anakula. Kwenye vijito vidogo vinawekwa vizuizi vya mawe na miti, kimoja baada ya kingine, ili maji yashuke kwa ngazi. Kingoni inapandwa mianzi. Milima ya Isare imeshaanza kufanyiwa matuta, na mpango wa taifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, umesambaza miche mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuutazama mche mwaka wa pili.

Sasa turudi mjini, kwenye paa zetu. Kuna siku ya Ijumaa ambayo Anas bin Malik (r.a.) ametusimulia, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Bedui alisimama Mtume (s.a.w.) akihutubu, akalalamikia ukame, Mtume akaomba, ikanyesha mpaka Ijumaa iliyofuata. Ijumaa hiyo akasimama mtu tena: majengo yanabomoka, mali inazama, tuombee. Mtume (s.a.w.) hakuomba mvua ikatike. Aliomba iwe pembezoni mwao na isiwe juu yao, iende kwenye vilima na miinuko, kwenye matumbo ya mabonde na kwenye mizizi ya miti. Kila ninapoisoma dua hii naona imetaja hasa mahali ambapo maji hayadhuru, na ambapo yanatakiwa. Bondeni yapite, mtini yazame. Anayeitikia amina kwa dua hii, kisha akajaza bonde vifusi na kukata mti, anaomba kwa ulimi na kukataa kwa mkono.

Hesabu ya paa ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 40 ikipiga jioni moja, inatupa lita 1,920 barabarani. Zidisheni kwa nyumba za barabara moja tu ya Buyenzi. Maji hayo yote yanakimbilia mtaro mmoja uliojaa chupa na mifuko, kisha tunashangaa kwa nini yamepanda kibarazani.

Juu ya takataka sitasema mengi, limekwisha hubiriwa sana. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na mtaro wa maji ni njia. Anayeona aibu kutupa ganda la ndizi msikitini atupe chupa mtaroni kwa dalili gani?

Penye nafasi, paa lifungwe mfereji na maji yaingie kwenye pipa au tangi. Mwenye pipa la lita 200 ameshashika kitu, na maji ya kufulia ameyapata bure. Penye ardhi inayokunywa, lichimbwe shimo la kunyonya maji, lijazwe mawe makubwa chini na kokoto juu. Lakini tahadhari, na hili naliona watu wengi hawalisemi: mwenye nyumba karibu na ukingo wa korongo asichimbe shimo hilo. Maji yakizama karibu na ukingo yanaulainisha kwa ndani na kuuharakishia kuporomoka. Yeye ayapeleke maji yake kwa bomba lililofungwa mpaka chini kwenye mawe, yasimwagike njiani. Na wa mabondeni karibu na ziwa, ambako ukichimba kidogo tu unakuta maji, shimo litajaa kabla ya mvua. Huko tangi ndilo jibu.

Nimelitaja suala la msikiti kwenye harimu, nami nataka nimalizie na msikiti, kwa sababu ukitazama kutoka juu, katika mitaa yetu paa kubwa kuliko yote mara nyingi ni la msikiti. Paa la mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300. Mvua ile ile ya milimita 40 inatoa lita 12,000, yaani mapipa 60, kwa jioni moja. Yanakwenda wapi? Katika misikiti niliyoitazama, mabomba yanamwaga moja kwa moja kwenye uchochoro, na uchochoro unamwaga kwa jirani. Jirani huyo huenda si Muislamu, naye ananyamaza kwa heshima. Hadithi ya kutodhuru wala kulipizana madhara, iliyo katika Muwatta na Ibn Majah, haikuutoa msikiti. Na humo humo ndani, kiangazi, tunanunua maji ya udhu.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya wanafunzi imekubaliana, na imamu na kamati ya msikiti wa karibu na chuo wametupa ruhusa, kuanza na paa hilo moja. Mafundi wawili wa Buyenzi watatuonyesha namna ya kupiga mifereji ya mabati. Tangi litanunuliwa kwa sadaka ya Ijumaa, na kamati imesema wazi kuwa itatangaza hesabu yake ubaoni. Maji yatakayozidi tangi yatapelekwa kwenye shimo la mawe uani, mbali na msingi na mbali na ukuta wa jirani, ambaye tumeshazungumza naye.

Kazi itafanyika Jumamosi mbili za Julai baada ya kazi za pamoja za asubuhi, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu mvua za kwanza zinaweza kurudi Septemba na shimo halichimbwi kwenye matope. Jumamosi ya tatu tutapanda Isare pamoja na wanafunzi wa kilimo, Waislamu na Wakristo, kupima mitaro kwa ile miti mitatu na kuona jinsi miche ya mwaka jana ilivyoendelea. Mwenye sepetu aje nayo. Mwenye mpira mrefu wa maji unaoonyesha ndani aulete pia, tutautumia kupimia mteremko wa mifereji. Akina dada wameomba kushika hesabu na vipimo, na wamepewa. Majina yanaandikwa baada ya swala ya alasiri, upande wa maktaba.

Wabillahi tawfiq.